Penseli za Mama Idara

Mama Idara alikuwa mwoga. Naanza na hilo kwa sababu yeye mwenyewe alianza nalo siku ya kwanza tulipoonana. Nilikuwa nimefika Mtwara kutoka bara, mhadhiri msaidizi mpya, nina begi moja na barua ya ajira iliyosema nitaangaliwa kwa mwaka mzima kabla ya kuthibitishwa kazini. Nikagonga mlango wa Mkuu wa Idara ya Sosholojia. Sauti ikauliza, "Nani?" Nikataja jina. "Uko na nani?" Nikasema niko peke yangu. Nikasikia makomeo mawili yakifunguliwa, la juu kisha la chini, na uso mpana wenye miwani ukachungulia.

"Samahani, binti," akasema. "Mimi ni mwoga sana. Utazoea."

Sikuzoea, niliambukizwa. Kabla ya muhula wa kwanza kwisha nilikuwa na mimi nauliza "Nani?" hata akigonga mfagizi.

Kwenye makaratasi ya chuo alikuwa Mkuu wa Idara, lakini wanafunzi walimwita Mama Idara na mimi nitamwita hivyo hivyo. Jina lake silitaji. Alitufundisha kwamba jina la mtu haliwekwi kwenye karatasi bila sababu, na akija kulikuta lake hapa najua kitu cha kwanza atakachotafuta ni ufutio.

Aliogopa vitu ambavyo watu wazima hawaviogopi. Aliogopa feni la darasani, akidai ipo siku litamwangukia mtu, kwa hiyo alifundisha akiwa amesimama mlangoni, mguu mmoja nje. Simu yenye namba asiyoijua aliipokea akanyamaza kimya mpaka anayepiga aseme yeye kwanza. Bahasha ya kaki hakuifungua mwenyewe, alituita sisi tumfungulie huku yeye akitazama dirishani. Na pantoni ya Kilambo hakupata kuikanyaga hata siku moja. Alitupeleka pale na wanafunzi kila mwaka kutazama watu wanavyovuka Ruvuma, mto wa mpakani, wanachobeba na wanavyosalimiana, lakini yeye alibaki kwenye mchanga amekumbatia mkoba wake, akihesabu vichwa vyetu.

Halafu mtu huyohuyo, kwenye kikao cha wakubwa wa chuo, alinyoosha mkono na kumwambia mkubwa mmoja mbele za watu, "Hilo ulilolisema si kweli, na wewe unajua si kweli." Akaketi. Tuliporudi ofisini nikammiminia chai, na mikono yake ilitetemeka hata kikombe kikawa kinagongagonga kisahani. Nilimuuliza kwa nini amesema kama anaogopa hivyo. Akanishangaa.

"Sasa kuogopa na kusema vinahusiana nini?"

Jibu hilo lilinikera kwa muda mrefu. Kwangu mimi vilihusiana sana, na bado nilikuwa na mwaka wa kuangaliwa.

Kitu kingine kilichonikera mwanzoni ni penseli. Droo yake ya juu ilijaa penseli, zimechongwa kwa wembe, na moja aliichomeka kwenye kilemba chake kila siku mpaka nikaamini analala nayo. Hakuna mtu wa Idara yetu aliyeruhusiwa kwenda uwandani na kalamu ya wino. "Wino ni ushahidi," alisema. "Penseli ni mazungumzo tu. Mtu akibadili mawazo kesho, unamfuta, mnabaki marafiki."

Tena kila aliyehojiwa alipewa jina la samaki. Yupo Changu, yupo Tasi, yupo Kolekole, yupo Kibua. Nani ni nani hasa, alijua yeye na daftari lake dogo, na daftari hilo hatukujua analificha wapi. Vijana wa idara nyingine walitucheka sana. Hebu fikiria semina nzima, watu wamevaa tai, mwanafunzi anasimama mbele na kusema kwa uso mkavu, "Kwa maelezo ya Pono, ndoa za siku hizi hazidumu." Ukumbi ulikwisha kwa kicheko. Mama Idara alicheka pamoja nao mpaka akavua miwani, lakini utaratibu haukubadilika.

Mwenyewe alikuwa na kichwa cha ajabu kwa majina. Alijua la kila mwanafunzi na la mama yake. Mwaka wa Idara ulianza wageni wa mwaka wa kwanza wakiripoti, na kazi yao ya kwanza ilikuwa kwenda kukaa sokoni asubuhi nzima bila kuuliza mtu chochote, kisha kurudi kusimulia walichosikia. Msimu wa korosho ukishika kasi, wale wa Nanyamba na Ziwani walitoweka darasani kwenda kuwasaidia wazazi. Hakuwawekea alama ya utoro, alisogeza semina. Ulifuata mtihani, halafu uwandani, halafu kitu alichokiogopa kuliko feni na pantoni pamoja: ripoti ya mwaka ya shughuli za Idara.

Idara nyingine zilileta ripoti nene zenye majedwali na picha za rangi. Yetu haikupata kuzidi kurasa nne. Nilimwambia inatutia aibu.

"Ripoti unamwandikia nani, mtu wa bara?" aliniuliza. Mtu wa bara ndilo jina la utani aliloniita tangu siku nilipoletewa ming'oko, vile viazi pori vya kusini, nikauliza inamenywaje.

"Wakuu wa chuo."

"Unamwandikia usiyemjua. Huyo wa chuo ni wa kwanza tu kuisoma."

Mwaka ule presha yake ikapanda, akaugulia nyumbani wiki tatu, na ripoti ikaniangukia mimi. Nikaona sasa ndiyo zamu yangu ya kuonekana. Nitaileta ripoti ambayo hawajaiona.

Nyenzo nilikuwa nazo. Nilikuwa nimetoka kukaa wiki kadhaa kwenye kijiji kimoja cha bondeni, mbele ya Kilambo, kwa mwanamke anayeitwa Bi Somoe. Alikuwa mtu wa makamo, mjane, mkulima wa muhogo na korosho, mwenye kicheko unachokisikia kabla hujaiona nyumba. Alinipa chumba, akanifundisha kula kisamvu bila kukunja uso. Siku nilipokaa naye rasmi, daftari mapajani, nikamweleza utaratibu wetu.

"Humu ndani nitakuita Pono."

"Pono samaki?"

"Ni kwa usalama wako, Bi Somoe."

"Mie si samaki, mie ntu," akasema. "Niandike Somoe. Hilo nalijua kulisoma. Nilisoma kisomo cha watu wazima, herufi nyingine zote zimenipotea, hizo tano zimebaki. Niandike nione."

Penseli yangu ilikuwa imevunjika ncha tangu asubuhi na wembe sikuwa nao. Nikatoa kalamu. Nikaandika SOMOE kwa herufi kubwa, mstari wa kwanza wa ukurasa. Akainama, akaweka kidole chini ya S, akakisogeza taratibu mpaka E, na uso wake ukafunguka. "Hilo hapo! Ndiyo mie huyo!" Akawaita majirani waje waone. Kufika jioni nilikuwa nimepita nyumba kumi na moja, na hakuna hata mmoja aliyekubali kuwa samaki baada ya kuona Somoe ameandikwa mtu. Nikawaandika wote majina yao ya kweli, kwa wino. Nikajiambia nitabadilisha nikifika ofisini.

Kosa la pili nililifanya siku hiyohiyo na sikulijua. Dodoso letu lilikuwa na swali, mkuu wa kaya hii ni nani. Bi Somoe alijibu bila kufikiri, "Njomba."

"Anaishi hapa?"

"Aa, yuko ng'ambo. Lakini jambo kubwa haliamuliwi bila yeye."

Nikaandika: Njomba, ng'ambo. Nyumba ya pili, Njomba, ng'ambo. Ya tatu, Njomba. Kufika ya kumi na moja damu ilikuwa inanichemka kwa furaha. Nimegundua mtu! Bwana mmoja anaitwa Njomba, anaishi upande wa pili wa Ruvuma, na nyumba zote hizi zinamsikiliza yeye. Mtoto wa darasa la kwanza wa Mtwara angenicheka mpaka alie. Mimi, mwenye shahada mbili, niliandika kwenye ripoti kwamba "Bwana Njomba, aishiye ng'ambo ya mto, ndiye kiongozi wa kaya zote zilizotembelewa," na nyuma nikabandika jedwali lenye majina ya wenye nyumba, kutoka kwenye daftari langu, kama yalivyo. La kwanza lilikuwa Somoe. Ripoti ikatoka nene, nikaipeleka bila kumwonyesha mgonjwa, kwa sababu niliyojipa kwamba nisimsumbue.

Lazima niseme mwaka ule ulikuwa mwaka gani. Ng'ambo kulikuwa kumechafuka. Watu walivuka kuja kwetu na mabunda kichwani, watoto wamebebwa mgongoni, na habari walizokuja nazo hatukupenda kuzirudia. Upande wetu kila mgeni aliulizwa mara mbili. Katika mwaka kama huo mimi nilikuwa nimeandika kwamba kuna mtu ng'ambo anayeongoza nyumba kumi na moja za kwetu, na nikaweka orodha ya nyumba.

Mgeni wa serikali alikuja alasiri moja, amevaa shati la bluu lililopigwa pasi vizuri. Alikuwa mpole, na upole wake ndio ulionimaliza. Mama Idara alikuwa ndiyo kwanza amerudi kazini, bado anatembea ameshika ukuta. Mgeni akaweka ripoti mezani, ukurasa umekunjwa pembe.

"Tunaomba kumfahamu huyu Njomba," akasema.

Niliuona mstari wangu umepigiwa rangi ya njano. Nilitazama mikono yangu na sikuweza kuifumbua.

Mama Idara akavuta ripoti, akaisoma kuanzia mwanzo mpaka mwisho kana kwamba hatupo. Niliona anapofika kwenye jedwali kwa sababu alishusha pumzi.

"Nani aliandika hii?" mgeni akauliza.

"Mimi," akasema Mama Idara.

Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka alipo. Ilinitosha kufungua mdomo tu. Sikufungua.

"Sasa nisikilize, mwanangu. Kwenu wewe ni wapi?" Mgeni akataja mkoa wake, naye ni wa bara kama mimi. "Mama yako ana kaka?"

"Anaye."

"Mnamwitaje?"

"Mjomba."

"Sisi huku ulimi wetu hauipendi hiyo m. Ntu, nzee, njomba. Njomba si jina la mtu, ni mjomba. Mtoto huku ni wa upande wa mama yake. Baba analea, njomba anaamua. Ukimuuliza mwanamke nani mkuu wa nyumba yako, hakutajii mume, anakutajia kaka wa mama yake. Sasa hapa una nyumba kumi na moja, kwa hiyo una wajomba kumi na mmoja, na nusu yao nadhani walishakufa. Wako ng'ambo kwa sababu ukoo uko pande zote mbili. Mto ulikuta watu, haukuwagawa."

Alimfundisha yule bwana karibu saa nzima. Alichora ukoo kwa penseli nyuma ya ripoti, miduara ya wanawake na pembetatu za wanaume. Mgeni aliandika, akauliza maswali mazuri, hata akacheka kidogo. Kisha akasema, "Nimeelewa, Mama. Hata hivyo naomba daftari lenyewe la uwandani."

"Hilo sitakupa."

"Unalo?"

"Ninalo. Na sitakupa. Watu wale tuliwaahidi."

Kikombe chake kilianza kugonga kisahani. Mgeni alikiangalia kikombe, akamwangalia yeye, na mimi nikaangalia begi langu lililokuwa chini ya kiti alichokalia mgeni. Daftari lilikuwa mle.

"Basi," mgeni akasema akiinuka, "majina ya kwenye jedwali yatatutosha."

Alipoondoka Mama Idara alifunga makomeo yote mawili, akakaa, akaniomba daftari. Nilimpa. Alifungua ukurasa wa kwanza, akaona wino. Nilisubiri anitukane, na hata leo natamani angenitukana. "Majina wameshapata," alisema. "Wewe mwombe Mungu wako, na mimi nimwombe wangu."

Ndani ya wiki ile watu wa nyumba zile waliitwa kuulizwa. Wengi walirudi siku ileile. Bi Somoe, kwa kuwa alikuwa wa kwanza kwenye orodha, alikaa siku tatu. Na yule mwanamke aliyeogopa bahasha, aliyeogopa feni, alipanda bodaboda kila asubuhi na kwenda kukaa kwenye benchi nje ya ofisi walikohojiwa mpaka jua linazama, mkoba mapajani, akisema amemfuata ndugu yake. Siku ya tatu alitoka naye. Mimi siku hizo zote tatu nilikuwa nasahihisha mitihani ya marudio. Niliisahihisha yote, na sikumbuki hata jibu moja.

Kabla mwaka haujaisha ilikuja bahasha ya kaki. Hiyo aliifungua mwenyewe. Ilisema anaondolewa ukuu wa idara kwa kuruhusu taarifa zisizohakikiwa zitoke. Mwezi huohuo mimi nikapata barua ya kuthibitishwa kazini. Nilimwendea nimeishika, nimeazimia kusema kila kitu kwa wakubwa. Nilikuwa na maneno tayari kabisa. Akaitazama barua, akasema, "Hongera, mtu wa bara. Sasa fanya kazi." Nami nikashukuru, maneno yangu nikayameza, na nikajisikia nafuu. Nafuu hiyo ndiyo inayoniamsha alfajiri mpaka leo.

Tangu hapo sikurudi bondeni. Wanafunzi niliwapeleka Ziwani, nikisema njia ni nzuri zaidi. Nikilazimika kwenda Kilambo nilivaa miwani ya jua na kukaa garini. Mama Idara alistaafu, akahamia Nanyamba kwenye mikorosho yake. Tulipigiana simu sikukuu. Nikipiga hakusema haloo, alinyamaza mpaka niseme mimi kwanza.

Mwaka huu wamenipa ukuu wa idara. Ofisi ni ileile, makomeo ni yaleyale. Siku ya kwanza nilivuta droo ya juu nikakuta penseli zimejaa, na juu ya meza waraka unaoomba ripoti ya mwaka. Nilikaa nayatazama makaratasi yale. Nikajua siwezi kuandika hata mstari kabla sijaenda Nanyamba.

Nilifika mchana. Nikapiga hodi.

"Nani? Uko na nani?"

"Niko peke yangu, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Pita, tunakula."

Sikuuliza tunakula na nani. Nilipoingia uani nikasikia kicheko, kile unachokisikia kabla hujaiona nyumba. Bi Somoe alikuwa amekaa mkekani anamenya ming'oko.

"Mwalimu wa bara! Kumbe upo! Umenenepa, wee." Akasogea, akanipa nafasi. Mama Idara akaniambia, bila kunitazama sana, kwamba mwenzake huja kila msimu kumsaidia kuokota korosho, na yeye huenda kwake wakati wa muhogo. Ni hivyo tangu lile benchi.

Nilikula kama mtu anayekula mchanga. Nilikuwa najua sasa kwamba kama sitasema hapa, sitasema popote.

"Bi Somoe," nikasema, "lile jina lako kwenye ile ripoti."

"Kula kwanza," akasema Mama Idara haraka.

"Hapana, Mama. Bi Somoe, si yeye aliyeliandika. Ni mimi. Nilikaa palepale nikamwacha aseme ni yeye."

Bi Somoe aliendelea kumenya. Alimaliza ule mmoja, akauweka kwenye sinia, akafuta mikono kwa kanga.

"Kwani mie sikuwepo?" akauliza. "Si uliniandika, nikaliwekea kidole?"

Akaninyooshea kidole kilekile.

"Kule waliniwekea karatasi mbele. Wakaniambia, mama wa chuo anasema kaliandika yeye, ni kweli? Au alikuja mwingine nyumbani kwako akakuandika? Nikaangalia, nikaliona. Lenyewe, la kwanza juu kabisa, herufi zangu tano." Akajifunga kanga upya. "Nikawaambia, mie baba, kusoma sijui. Siku zote tatu nikawaambia hivyohivyo. Kusoma sijui hata jina langu."

Nililia pale mkekani, na hakuna aliyeninyamazisha. Baadaye Mama Idara alichomoa penseli kwenye kilemba chake akanipa, na Bi Somoe akasukuma mbele yangu kipande cha karatasi ya sukari.

"Niandike tena," akasema. "Muda mrefu sijaliona."

Nikaandika, herufi zikatoka zimepinda. Bi Somoe akainama, akaweka kidole chini ya S, akaanza kukisogeza taratibu. Mama Idara, kwa uoga wake uleule, alikuwa amekwisha kuinuka kwenda kutazama kama nje kuna mtu.